Furshi na diski ya moto ingine: mambo ya kupima kabla ya kulipa fundi

Mutelemuko wa kutoka Kadutu kuelekea katikati ya muji wa Bukavu, mangaribi, mvua imeanza kunyesha. Motari amebeba abiria wawili, wa nyuma ameshika mfuko wa unga. Mbele yake taxi inasimama bila kuonyesha taa. Motari anavuta freni ya mkono mpaka inagusa gidoni, anakanyaga ya mguu, na gurudumu la nyuma linaanza kuteleza kando. Siku hiyo taxi inaondoka kabla hawajaifikia, na wote watatu wanalala nyumbani kwao. Kesho yake asubuhi motari yuko garaji, na ombi lake ni lile mafundi wa Goma, Butembo, Bunia na Uvira wamelizoea: toa hii tamburu, niwekee diski.

Ombi hilo lina sababu. Moto nyingi zinazobeba watu katika majimbo ya mashariki, sawa Boxer ya Bajaj ao HLX ya TVS, zina freni ya tamburu mbele na nyuma. Yamaha AG 100, ile moto ya kazi ambayo watu wa mashirika na wa misioni walizoea kuendesha vijijini, nayo ni tamburu pande zote mbili. Pembeni yao kunazunguka moto zenye diski mbele: Pulsar ya Bajaj, Apache ya TVS, Honda XR 125 L. Moja ya hizo ikigongwa, ao motere yake ikikufa, mwenyewe anaiuza kipande kwa kipande, na sehemu ya mbele haikawii kupata mnunuzi. Ndiyo namna furshi ya moto moja inajikuta kwenye moto ingine.

Kazi hiyo inawezekana, na ikifanywa vizuri moto inabadilika kabisa. Lakini kuna njia mbili za kuifanya. Ya kwanza ni kuhamisha kila kitu cha mbele cha moto moja, kwa pamoja, kama jamaa moja. Ya pili ni kuokota diski hapa, etriye kule (etriye ni kile chuma kinachobana diski kwa plaketi), kisha kuchomelea kibao cha chuma kwenye furshi ya zamani ili vishikane. Njia ya pili ni bei ndogo. Ndiyo pia inayoua.

Juu ya nini freni ya mbele ndiyo ya kweli

Mutu aliyesimama ndani ya bus anajua: shofere akipiga freni, wote wanasukumwa mbele. Uzito wa moto unafanya vilevile. Freni ikikamata, uzito unahamia gurudumu la mbele, la mbele linashikana na barabara zaidi, la nyuma linakuwa jepesi na linateleza haraka. Kwenye mutelemuko ni zaidi tena. Kwa hiyo motari anayetegemea mguu peke yake anatumia sehemu ndogo tu ya nguvu ya kusimama ambayo moto yake inayo.

Si jambo la ajabu kukuta moto ambayo kamba ya freni ya mbele ilikatika tangu miezi na hakuna aliyeirudisha, juu mwenyewe anaamini freni ya mbele inaangusha watu. Inaangusha kweli, ikivutwa ghafla kwenye mchanga ao katikati ya kona. Kwenye barabara iliyonyooka, ikibanwa polepole kisha kwa nguvu zaidi, ndiyo inasimamisha moto.

Halafu kuna joto. Freni haifuti mwendo, inaugeuza kuwa joto. Hesabu kidogo inaonyesha: chombo chenyewe, motari, abiria wawili na mizigo, jumla tuseme kilo 300. Kila wakati uzito huo unateremka metre 100 za kimo (kimo, si urefu wa barabara), unatoa joto linaloweza kuchemsha karibu litre moja ya maji. Kwenye barabara ya Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, ao kushuka Kabasha kutoka Kanyabayonga kuelekea Rutshuru, mutu anateremka metre mia kadhaa. Sehemu ya lile joto inachukuliwa na upepo, ingine na motere kama motari ametia vitesi vya chini. Aliyezima motere ili apunguze esansi, ao aliyeacha moto itembee bila vitesi, joto lake karibu lote linaingia kwenye freni.

Tamburu ni kama sufuria iliyofunikwa. Ndani yake vipande viwili vyenye garnitire vinasukuma ukuta wake. Ikipata joto, ukuta unapanuka na kuikimbia garnitire, na garnitire yenyewe inapoteza ukali. Ndiyo maana chini ya mlima mkono wa freni unafika mpaka kwenye gidoni. Maji yakiingia, yanakaa. Diski iko wazi: upepo unaipoza, na maji yanapanguzwa na plaketi kwa mizunguko michache.

Hata hivyo diski si dawa ya kila kitu. Kwenye matope ya Butembo na Beni, mchanga unaingia kati ya plaketi na diski na kuzila zote mbili, wakati garnitire imejificha ndani ya tamburu yake. Mutu anayetembeza moto kijijini, peke yake, kwa mwendo mdogo, pengine hana sababu ya kubadilisha. Anayebeba watu kwenye milima ya muji anayo.

Kwanza ile tamburu iliyopo

Kabla ya kutafuta diski, fundi mwaminifu anafungua tamburu. Mara nyingi ugonjwa uko pale: garnitire imekwisha, ao imekuwa na uso wa kung'aa sawa kioo, kamba imevutika, vumbi imejaa. Garnitire mpya na kamba mpya ni bei ndogo sana ukilinganisha na furshi nzima.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia ambacho hakihitaji hata kifunguo. Ni ule mkono mdogo wa chuma unaovutwa na kamba pale kwenye gurudumu. Freni ikikamata, mkono huo na kamba vinapaswa kufanya pembe ya mraba, ao karibu. Ukishapita hapo, nguvu inapotea. Mafundi wengine wanautoa na kuurudisha kwenye meno yake kwa pembe ingine, ili freni "ipande" bila kununua garnitire. Inapanda kweli, kwa siku kidogo. Kisha kile chuma cha ndani kinachopanua garnitire kinageuka kupita kiasi, na kinaweza kukwama. Gurudumu linafunga lenyewe, katikati ya njia.

Kama tamburu ni nzima, imerekebishwa, na bado haitoshi kwa kazi na mizigo ya moto ile, basi ni saa ya kuzungumza diski.

Freni kali kwenye furshi dhaifu

Hapa ndipo wengi wanapotea. Wanaona freni peke yake, hawaoni kile kinachoibeba. Furshi ni bomba mbili zinazoteleza ndani ya miguu miwili, na ndani yake kuna resori na mafuta. Inabeba shimo za barabara, na freni ikipigwa inabeba pia uzito wote unaokimbilia mbele. Furshi ya moto ndogo ilitengenezwa kulingana na freni yake ndogo. Ukiipa freni kali, inazama mpaka mwisho, bomba zinajikunja kidogo kwenda nyuma, na kwa kuwa diski iko upande mmoja tu, mguu mmoja unavutwa kuliko mwenzake. Motari anasikia gidoni inamvuta.

Unene wa bomba una maana kuliko macho yanavyoonyesha. Bomba ya milimetre 31 ukiiweka kando ya ile ya 28, tofauti ni kama hakuna. Lakini kama ukuta wake umeongezeka kwa kipimo kile kile, kuikunja kunahitaji nguvu karibu mara moja na nusu.

Tofauti ingine iko chini, kwenye miguu. Mguu wa furshi ya tamburu una jino moja linaloingia kwenye sahani ya tamburu ili isizunguke na gurudumu. Mguu wa furshi ya diski una masikio mawili yenye matundu, na etriye inafungwa pale. Masikio hayo yalimwagwa kiwandani pamoja na mguu, kitu kimoja. Hayakuongezwa nyuma.

Na nguvu inayopita pale si mchezo. Tairi ina karibu sentimetre 30 kutoka katikati ya gurudumu hadi chini. Plaketi zinabana diski kwenye karibu sentimetre 10 kutoka katikati. Ni mara tatu pungufu, kwa hiyo nguvu inapanda mara tatu: barabara ikivuta tairi kwa nguvu sawa na kilo 100, etriye na masikio yake vinavutwa kwa nguvu sawa na kilo 300. Kila mara motari anaposimama kwa nguvu, siku nzima, mwaka mzima.

Sasa fikiria sikio la kuchomelea. Miguu ya furshi nyingi ni ya alimini, na alimini haichomelewi kwa baketi ya kawaida ya chuma. Hata fundi mwenye chombo chake cha alimini, joto lake linalegeza ile alimini na linaweza kupinda mguu ambao bomba inateleza ndani yake. Wengine wanafunga kibao cha chuma kwa kola na bulo. Kinaonekana kigumu pale garaji. Siku kinakatika, etriye inazunguka pamoja na gurudumu, inaingia kwenye rayoni, na gurudumu la mbele linafunga papo hapo. Motari anapita juu ya gidoni, na abiria wanamfuata.

Jamaa nzima, na kipimo mkononi

Kinachohama pamoja ni hiki: miguu miwili ya furshi na bomba zake, vishikio viwili vinavyoikamata juu na chini (vile mafundi wanaita te), gurudumu na diski yake, ekseli na vibomba vyake vya kutenganisha, etriye, fleksibo, na pompi ya freni inayokaa kwenye gidoni. Vyote kutoka moto moja. Vilizaliwa pamoja na vinaelewana: diski iko katikati ya etriye, gurudumu liko katikati ya furshi, pompi inasukuma mafuta kwa kipimo ambacho etriye inahitaji.

Ugumu unabaki mahali pamoja tu, pale sehemu mpya inapoingia kwenye chasi ya zamani. Katikati ya te ya chini kunasimama mti wa chuma unaopita ndani ya kichwa cha chasi na kuzunguka juu ya rulema mbili. Mti huo una urefu wake na unene wake, juu na chini. Ndiyo unapimwa mbele ya yote, kwa kipimo cha milimetre, si kwa jicho wala kwa kamba. Moto mbili za kampuni moja wakati mwingine zinapokeana bila shida. Za kampuni mbili, mara nyingi hapana.

Mti ukiwa tofauti kidogo kwa unene, pengine rulema za kipimo kingine zinasaidia. Ukiwa mfupi ao mrefu, kazi inakuwa ya fundi wa kuchonga vyuma mwenye turu na presi: anatoa mti wa te mpya na kuingiza ule wa zamani, umekazwa vizuri katika tundu lake. Kukata mti kwa msumeno na kuunganisha vipande viwili kwa kuchomelea ni kitu cha kukataa, hata fundi akiapa. Mti huo ndio unaoshikilia gurudumu la mbele na moto yote. Hakuna kingine.

Sehemu ikishaingia, gidoni inazungushwa kushoto na kuume mpaka mwisho. Je, kile kizuizi cha te bado kinagonga kizuizi cha chasi? Kama hapana, bomba za furshi zitagonga tanki ya esansi, na kwenye kona ya karibu gidoni inaweza kukwama. Gidoni yenyewe izunguke laini, bila kulegea na bila kukaza. Ikilegea, freni ikipigwa motari anasikia kitu kinagonga ndani ya mikono yake. Ikikaza, moto haitembei sawa, inayumbayumba hata kwenye mwendo mdogo.

Urefu wa furshi nao unahesabiwa. Ile ya Honda XR 125 L ni nzuri na ina nguvu, lakini gurudumu lake la mbele ni la inchi 19, wakati moto nyingi za taxi zina la 17 ao 18, na furshi yenyewe ni ndefu. Ukiiweka kwenye Boxer, pua inapanda, moto inakuwa nzito kugeuza, bekiye haisimamishi tena sawasawa na abiria wanateleza nyuma. Ikiwa furshi mpya ni fupi kwa sentimetre mbili, mambo yanageuka: pua inashuka, gidoni inakuwa na haraka, na kwenye shimo matope ya gurudumu yanagonga juu. Tofauti ya sentimetre moja inavumilika. Kubwa kuliko hapo, heri kutafuta ingine.

Jambo moja la barabara zetu: Pulsar na Apache nyingi zina janti za kumwagwa, bila rayoni. Ni nzuri kwenye lami. Kwenye mawe ya volkano ya Goma zinapasuka, na janti iliyopasuka haina fundi. Ya rayoni inanyooshwa, rayoni moja inabadilishwa kwa bei ya soda. Ukipata sehemu ya mbele yenye diski na rayoni, hiyo ni bora, hata kama sura yake si ya mchezo. Na kipima mwendo? Kamba yake inatoka kwenye gurudumu, na gurudumu jipya pengine halina mahali pake. Kwa moto nyingi za muji habari hiyo haitaliza mutu, kipima mwendo kilikufa zamani.

Ilitoka wapi?

Furshi ya okazio ina historia, na historia hiyo mara nyingi ni ajali. Moto iliyouzwa kipande kwa kipande, tuseme iligongana na gari uso kwa uso. Motere yake ni nzima, kiti chake ni kizima, na furshi yake? Bomba iliyopinda milimetre moja haionekani ikiwa imefungwa. Mnunuzi anaomba itolewe na kuiviringisha juu ya kioo ao meza iliyonyooka kabisa. Ikiruka-ruka, imepinda. Kuna mafundi wanaonyoosha bomba kwa presi, lakini chuma kilichokunjwa kisha kikanyooshwa hakirudi kuwa kile cha zamani, na kwa furshi ya diski, kwa watu wa kubeba, hapana. Ukucha unapitishwa pia juu ya bomba: ukishika kwenye kutu ao mkwaruzo, mpira wa kuzuia mafuta utakatwa pale. Diski yenyewe ina unene wake wa mwisho umeandikwa juu yake, mara nyingi na herufi MIN TH. Chini ya hapo ni ya kutupa.

Tena kuna swali ambalo wengi hawapendi kuuliza. Moto nyingi zinaibwa, na nambari ya chasi iko kwenye chasi, furshi haina. Sehemu ya mbele ya moto ya wizi inauzwa bila alama yoyote. Mnunuzi anayejilinda anaomba karatasi: jina la muuzaji, tarehe, bei, nambari ya chasi ya moto ambayo piesi zilitoka, na sahihi. Muuzaji anayekataa kuandika amekwisha kujibu swali.

Pompi, mafuta na upepo

Pompi na etriye ni mume na bibi. Pompi ndogo ya moto ingine ikiolewa na etriye kubwa, mkono unafika kwenye gidoni na moto haijasimama. Pompi kubwa kwa etriye ndogo, mkono unakuwa mgumu sawa ubao, motari anabana mpaka vidole vinauma na freni haina nguvu. Kwa wote wawili fundi atasema ni upepo umebaki ndani. Pengine si upepo.

Mafuta ya freni yameandikwa juu ya pompi yenyewe, DOT 3 ao DOT 4. DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya digri 205, DOT 4 kabla ya digri 230. Lakini mafuta hayo yanakunywa maji kutoka hewani. Yakisha kuyanywa, kiwango kinashuka mpaka digri 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Yakichemka ndani ya etriye yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, na mkono wa freni unaingia bure, katikati ya Ngomo. Ndiyo maana mafuta ya kununua kwa kikombe, kutoka chupa iliyokaa wazi dukani tangu mvua ya mwaka jana, si bei ndogo hata kidogo. Chupa ndogo iliyofungwa, na kubadilisha yote kila mwaka ao miaka miwili. Ile DOT 5 (si 5.1) ni ya aina ingine kabisa, haichanganywi na hizo.

Kuna wanaotia mafuta ya motere, ao maji ya sabuni, eti yanafanya kazi ile ile. Mafuta ya motere yanavimbisha mipira ya ndani. Freni inaweza kukamata bila kuachia, ao mpira kupasuka. Maji yanachemka haraka na yanaleta kutu.

Kufunga fleksibo kunahitaji rondeli mbili za shaba, moja kila upande wa kile kichwa chake, mpya. Fleksibo inajaribiwa gidoni ikiwa imegeuzwa mpaka mwisho na furshi ikiwa imenyooka yote: isivutwe, isiguse tairi. Kisha upepo unatolewa, mkono unabanwa, bulo ndogo ya etriye inafunguliwa, inafungwa, mkono unaachiliwa, na tena, huku kijisanduku cha juu kinajazwa kila mara. Watu wawili wanafanya haraka kuliko mmoja. Kama mkono bado ni laini, unafungwa kwa mpira usiku mzima ukiwa umebanwa, na asubuhi mara nyingi umekuwa mgumu, juu upepo mdogo umepanda wenyewe.

Furshi pia inapewa mafuta yake, ya furshi, kiasi sawa mguu wa kuume na wa kushoto. Mipira inayozuia mafuta ibadilishwe siku ile ile, haigharimu mingi. Ikivuja, mafuta yanateremka moja kwa moja kwenye diski na plaketi, na plaketi iliyokunywa mafuta haioshwi, inatupwa. Kwa vumbi letu, kile kifuniko cha mpira chenye mikunjo kinachovalishwa juu ya bomba kinafanya kazi kuliko urembo wote mwingine.

Siku ya kwanza

Abiria hapandi siku hiyo. Moto ikiwa imesimama, motari anabana mkono kwa nguvu na kuushikilia dakika moja nzima. Ukishuka polepole, mafuta yanapita mahali, nje ao ndani ya pompi, na moto haitoki. Gurudumu la mbele linainuliwa na kuzungushwa kwa mkono, diski isikwame. Kisha kiwanja wazi, mwendo wa mutu anayetembea, freni ya mbele peke yake, mara kumi. Kisha mwendo wa kukimbia. Plaketi mpya hazikamati vizuri mara moja, zinahitaji kusimama kwa upole mara ishirini ao thelathini, na nafasi ya kupoa katikati, ndipo zinazoeana na diski.

Mkono wa motari ndio unakawia kuzoea. Miaka mingi alivuta tamburu kwa vidole vinne na nguvu zote, na hakuna lililotokea. Akivuta diski namna ile ile kwenye udongo wenye mvua, gurudumu la mbele linafunga na yeye yuko chini kabla ya kuelewa. Vidole viwili, kubana kwa kuongeza, moto ikiwa imenyooka. Kwenye kona, freni inapigwa kabla ya kuingia. Wiki mbili za kujifunza si aibu, hata kwa mutu wa miaka kumi kwenye moto. Na ndugu anayeazima moto ile jioni aambiwe kwamba mbele sasa ni diski.

Inabaki habari ya nani analipa. Motari wengi hawaendeshi moto yao wenyewe, wanapeleka versement kwa mwenye moto kila siku ao kila wiki. Furshi nzima, kazi ya turu, mipira, mafuta, plaketi: si pesa ya siku moja. Mwenye moto anasema iliyopo inatembea, motari anasema yeye ndiye anayeshuka nayo mlimani. Wakikubaliana, inafaa waandike kabla ya kazi kuanza: nani alinunua, nani anabaki na furshi ya zamani, na versement itapunguzwa kwa siku ngapi. Wakikosa kukubaliana, garnitire mpya na kamba mpya ni pesa ambayo hata motari peke yake anaweza kutafuta, na moto ile isibebe watu wawili kwenye mlima wakati wa mvua.

Furshi ya zamani isiuzwe mara moja. Ikae nyumbani miezi miwili mitatu, mpaka ile mpya ijionyeshe. Na kesho yake ya kazi, jioni, kifunguo kirudi kwenye bulo zote za te, za ekseli na za etriye, juu bulo nyingi zinalegea kidogo siku ya kwanza.